Udongo Katika Boksi la Chaki

Kabla hajatimiza miaka miwili, binti yangu Furaha alikuwa amekula udongo wa chungu cha maua, makaa, majivu, plasta ya ukuta wa sebuleni, kona ya godoro, na kipande kizima cha kandambili ya baba yake. Ninavitaja kwa mpangilio wa kuvigundua, kwa sababu huenda wewe unayesoma haya umekaa sasa hivi kwenye benchi la kituo fulani cha afya, umempakata mtoto mwenye midomo ya kijivu, na unajiona mzazi wa pekee duniani ambaye mtoto wake anaila nyumba. Hauko peke yako. Mimi nililikalia benchi hilo tangu kiangazi cha mwanzo wa mwaka hadi mvua za mwisho wake. Leo mtoto ni mzima, nami naona ni wajibu wangu kukueleza yaliyotupata, hata yale ambayo ningependa zaidi kuyaficha.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Nilikuja Kampala kutoka upande wa Kisumu kusomea malezi ya watoto wadogo, nikapanga chumba Kyambogo pamoja na wanafunzi wenzangu, nikaolewa, nikabaki. Mume wangu, Bahati, alizaliwa Bukavu na kuletwa Uganda akiwa mdogo, familia yake ilipokimbia vita. Sasa anatengeneza majiko na madirisha ya chuma huko Katwe. Tunaishi Bukoto, katika vyumba viwili vya chini ambavyo mlango wake unatazamana na wa Nnalongo. Hilo ndilo jina la heshima wanalompa Waganda mama aliyezaa pacha, na hakuna anayemwita vinginevyo. Ni mjane wa mwanajeshi, na Kiswahili chake alikipata kambini. Yeye ndiye aliyekuwa akimlea Furaha mchana nilipokwenda kufundisha.

Mwanzoni sikushtuka. Kila muhula niliwakusanya wazazi wa darasa langu na kuwaeleza kwamba mdomo ni mkono wa tatu wa mtoto, kwamba anaonja ili ajue, na kwamba asipigwe kwa kuonja. Niliyaamini hayo na bado ninayaamini. Kwa hiyo Furaha alipoanza kuchota udongo kwenye chungu cha maua, nilimnawisha nikampa kijiko achezee. Bahati alicheka tu.

"Mama Furaha, uyu mutoto atakula hata mulango. Nitamutengenezea mulango ya chuma, tuone."

Lakini kuonja huisha, na huku kwake hakukuisha. Alikuwa akila kwa utulivu, kama mtu aliye mezani. Akaacha kupanda juu ya viti. Akawa anajilaza sakafuni, shavu juu ya saruji, macho wazi, bila kulala wala kucheza. Nilipomwosha nywele zilitoka nyingi kitanani, nyepesi kama nyuzi za mahindi. Mimi mwenye cheti niliyaona haya yote siku baada ya siku, nikayapa maelezo mazuri. Aliyeona kweli ni Nnalongo. Jioni moja aliufungua mkono wa mtoto mbele yangu kama anayefungua barua.

"Mwalimu, angalia. Mkono hii iko nyeupe kama ya Mzungu."

"Ni baridi, Nnalongo."

"Baridi ya wapi, na jua hii? Mimi nimezaa watoto nane. Hii si baridi. Kesho hakuna shule. Kesho hospitali."

Kituo tulichokwenda mimi na Bahati kina veranda ndefu yenye mabenchi mawili yanayotazamana, hivi kwamba kila mzazi anamwangalia mtoto wa mwenzake na kulinganisha. Nilijifunza kusubiri pale. Nilijifunza kwamba anayefika mapema zaidi hukaa karibu na mlango lakini hupigwa na jua, na anayechelewa hupata kivuli. Aliyekaa mkabala nasi siku ile ya kwanza alikuwa mama mmoja Mkongo, aliyemshika mwanawe mikono yote miwili ili asile uzi wa sweta.

"Wako anakula nini?" akaniuliza, kama vile watu wanavyoulizana habari za kazi.

"Udongo. Na makaa."

"Wangu anakula sponji ya kitanda. Tunalala juu ya mbao sasa." Akacheka, nami nikacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikahisi mabega yangu yameshuka.

Muuguzi, ambaye sote tulimwita Sista, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha na mikono laini kupita kiasi, na kila mama alimwita "nyabo", yaani bibi kwa Kiganda. "Nyabo, reta mtoto kwa mizani. Toa viatu. Toa na ile kitu kwa mdomo." Kilikuwa kifungo, na sijui hadi leo kilitoka kwenye nguo ya nani. Alipomchoma kidole ili kuchukua damu, Furaha hakulia. Alingoja mpaka Sista amgeukie mtoto mwingine, kisha akaitia ile pamba mdomoni.

Damu ilikuwa kidogo. Daktari, msichana wa umri kama wangu, alizungumza nasi kwa Kiingereza taratibu, na hapa ninayaandika maneno yake kwa Kiswahili. Alisema tutampa mtoto dawa ya minyoo na dawa ya maji ya kuongeza damu, na kwamba turudi chupa itakapokwisha. Kisha akauliza maswali. Maji mnayapata wapi? Rangi ya ukuta ni ya zamani? Baba anafanya kazi gani? Na mwishoni, bila kuinua kichwa kutoka kwenye daftari: "Kuna mtu mzima yeyote nyumbani anayekula udongo?"

Bahati aliguna kwa kicheko. "Mutu muzima? Udongo?"

"Hapana," nilisema.

Hapo ndipo ugonjwa wa binti yangu ulipogeuka kuwa na sehemu mbili, ile iliyokuwa ndani ya mwili wake na ile iliyokuwa ndani ya mkoba wangu.

Nilipokuwa na mimba ya Furaha, mama yangu alinitumia kifurushi kwa basi kutoka nyumbani. Ndani kulikuwa na unga wa mtama, omena waliokaushwa, na karatasi ya gazeti iliyofunga mawe laini ya kijivu ambayo kwetu tunayaita odowa. Ni udongo mgumu wa kutafuna. Mama alikula odowa mimba zake zote, na nyanya yangu kabla yake. Mwanamke mwenye mimba akitumiwa odowa, maana yake ni kwamba amekumbukwa. Kichefuchefu kilikuwa kimenishinda. Nilivunja kipande, na ladha yake ilikuwa ile harufu ya ardhi mvua inapoanza kuigusa. Nililia nikitafuna. Nilikuwa mbali na nyumbani, na sasa nyumbani kulikuwa mdomoni mwangu.

Mtoto alizaliwa, na kutafuna kukabaki. Niliona aibu. Mke wa fundi, mwalimu anayewahutubia wazazi, ataonekanaje akila mawe? Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo mwalimu pekee angelifikiria: niliweka odowa katika boksi la chaki, juu nikitandaza vipande vya chaki halisi, na boksi likakaa ndani ya mkoba wangu wa kazi. Vidole vyangu huwa na vumbi jeupe kila siku. Hakuna aliyewahi kuuliza. Nilijipa na neno la kutumia moyoni. Nilijiambia ni dawa ya tumbo. Ndiyo maana daktari alipouliza, ulimi ulikuwa mwepesi kiasi kile.

Nisingekuwa mkweli nikisema sikuwahi kushuku. Mara moja nilimkuta Furaha amekaa kando ya mkoba, midomo myeupe. Nikamfuta. Nikajiambia ni chaki. Nikauhamishia mkoba kwenye msumari wa juu zaidi ukutani.

Bahati ndiye aliyeyapokea maswali ya daktari kwa moyo wote, ila alishika lile la kazi ya baba. Aliposikia kwamba vumbi la chuma si zuri kwa mtoto na kwamba ni vyema aoge kabla ya kumshika, alilifanya kuwa kosa lake lote. Usiku huohuo alikwangua plasta ya ukuta, na Jumamosi akaipiga upya na kupaka rangi. Nguo za kazi zikabaki Katwe. Viatu vikabaki nje. Furaha alikuwa na desturi ya kukimbilia mlangoni aliposikia kikohozi cha baba yake, mikono juu, na Bahati alikuwa na desturi ya kumrusha hadi karibu na dari. Sasa mtoto alikuja mikono juu, na baba naye akainua yake juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, akamzunguka ukutani ukutani.

"Ngoja, mama. Papa iko muchafu."

Alikuwa akioga muda mrefu, akisugua kwa brashi ya kufulia. Mara nyingi alipotoka, mtoto alikuwa amekwisha kulala, maana siku zile alichoka kabla ya giza. Basi Bahati alikuwa akisimama kando ya kitanda, mikono nyuma.

"Kama ni ile mavumbi ya Katwe njo inamaliza mutoto wangu," aliniambia siku moja, "basi nitaacha Katwe. Nitauza mandazi."

"Daktari hakusema ni vumbi," nilijibu.

"Hakusema si vumbi."

Mkoba ulikuwa umening'inia juu ya kichwa chake.

Chupa ya kwanza ilikwisha. Meno ya Furaha yalikuwa meusi kwa dawa, choo chake cheusi, na viganja bado vyeupe. Alikuwa amejifunza kujificha chini ya meza akiniona nikichukua kijiko, jambo lililonipa furaha kidogo kwa kuwa lilihitaji nguvu. Tuliporudi, Sista alimpima, akatikisa kichwa na kusema "bambi", neno la Waganda la kumwonea mtu huruma. Tukapewa chupa ya pili na kuelezwa upya: ini, maharage, mboga za dodo, yaani mchicha, chungwa baada ya chakula, na chai kamwe. Daktari akarudia swali lake. Nikarudia jibu langu.

Mvua za masika zilianza tukiwa na chupa ya pili. Wewe usiyekula udongo hutaelewa mvua ya kwanza ilinifanya nini. Kila uwanja wa Bukoto ulinukia kama kifurushi cha mama. Nilikula zaidi majuma yale kuliko wakati wowote wa mimba. Na kwa kuwa mtu anayeficha kosa hulitafutia mwenyewe wa kulibeba, nilimgeukia Nnalongo. Nilirudi nikamkuta Furaha chini, uwanjani, matope hadi kidevuni.

"Ninakuachia mtoto umwangalie," nilisema. "Si umwache kama kuku."

Nnalongo hakupandisha sauti. Alimnawisha mtoto kwanza, kila kidole, ndipo akanyanyuka. "Mwalimu, mimi natoa udongo kwa mdomo yake mara kumi kwa siku. Leo ya kumi na moja imenishinda. Lakini nakuuliza. Mtoto hii, nani alimfundisha kwamba udongo ni tamu?"

Toka kesho yake nilianza kwenda na Furaha shuleni. Mwalimu mkuu alinikubalia nimweke darasani kwangu, pamoja na watoto wadogo kabisa. Niliwaambia wote kwamba ni kwa usalama wake. Kwa kweli nilikuwa nimemtoa kwa mtu aliyekuwa akimnyang'anya udongo mara kumi kwa siku, nikamweka kando ya mkoba wangu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Chupa ya pili ikaisha. Siku ya kurudi, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na veranda ilikuwa imejaa. Furaha alikuwa akipumua haraka hata akiwa amekaa. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alisema damu imeshuka zaidi, jambo ambalo halikupaswa kutokea ikiwa dawa imetolewa vizuri. Kwamba tukae palepale nje apige simu hospitali kubwa kuulizia kitanda. Na kwamba mtoto huenda akahitaji kuongezewa damu siku ileile. "Kuna kitu ambacho hatukijui," alisema. Alikuwa amechoka, wala hakutulaumu.

Tukakaa. Bahati alikuwa amekuja na shati la kanisani. Aliitazama mikono yake, kucha zilizokatwa hadi kwenye nyama, ngozi iliyochubuka kwa brashi, akasema kwa sauti ndogo, "Nilisafisha yote. Nini tena nisafishe?"

Mkoba ulikuwa benchini kati yetu. Nilikuwa nimegeuka kumtazama Bahati, na sikuona mkono wa mtoto ukiingia. Niliona tu Furaha amesimama mbele yangu, mkono mmoja gotini pangu, mwingine umeshika kipande cha odowa. Alikigawa kwa meno. Nusu akabaki nayo. Nusu nyingine akainyanyua, akasimama kwa ncha za vidole, miguu ikimtetemeka, akaifikisha midomoni mwangu.

"Mama, amu," alisema. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia nikimlisha uji.

Alikuwa amewahi kufanya hivyo kabla, kwa uji, kwa ndizi, kwa kila kitu alichokipenda. Kwa mtoto wangu, kile kilikuwa chakula cha watu wawili wapendanao. Alikuwa ameniona.

Bahati alikinyang'anya kipande. "Chaki? Mutoto anakula chaki ya shule?"

Sista, aliyekuwa akipita na mizani, akainama kutazama. "Eh, ni chaki. Watoto ya mwalimu wanakula chaki. Nyabo, weka mbali hii chaki."

Nataka uelewe jinsi ilivyokuwa rahisi. Sikuhitaji hata kusema uongo mwingine. Watu wawili wema walikuwa wamenitengenezea mmoja, nami ningeitikia kwa kichwa tu. Daktari angeandika chaki. Tungekwenda hospitali, mtoto angeongezewa damu ya mtu mwingine, na tungerudi nyumbani, mimi na boksi langu, naye Bahati na brashi yake.

"Si chaki," nilisema. "Ni udongo. Ni wangu. Ninaula mimi."

Sista aliweka mizani chini.

"Tangu lini?" aliuliza Bahati.

"Tangu mimba."

"Wakati daktari anauliza?"

"Ndiyo."

"Na wakati mimi..." Hakumaliza. Aliinua mikono yake miwili kidogo, kama alivyokuwa akifanya mlangoni. "Myezi tatu, Mama Furaha. Myezi tatu sikumubeba. Uliniacha nazani ni mimi."

Akasimama, akatembea hadi mwisho wa veranda, akashuka ngazi na kuingia mvuani. Nilijua amekwenda. Mama wote wa mabenchi mawili walikuwa wakinitazama, na sikuwa na pa kuweka uso.

Sista alikaa pale alipokuwa Bahati. Bila kuniomba ruhusa alilishusha kope langu la chini kwa kidole gumba, akaangalia. "Sasa na wewe nyabo. Reta kidole." Nilipochomwa, damu yangu nayo ilionekana kuwa kidogo, si kama ya mtoto, lakini kidogo. Kuchoka kwangu nilikuwa nimekuita kazi; moyo kwenda mbio ngazini nilikuwa nimekuita unene wa uzazi. "Mimi pia nilikula bumba, mimba zote tatu," Sista alisema akibandika pamba, akitumia jina la Kiganda la udongo wetu. "Muuguzi mzima. Nilikula chooni. Daktari aliniuliza, nikasema hapana." Kisha akanyanyuka na kwenda kumwambia daktari.

Bahati alirudi akiwa ametota. Alikuwa amekwenda hadi geti, akaniambia baadaye, akakumbuka kwamba kadi ya kliniki ya mtoto ilikuwa mfukoni mwake. Hakunitazama. Alimtazama Furaha, aliyekuja kwake mikono juu kwa mazoea, huku tayari akijiandaa kuzungukwa. Shati la kanisani lilikuwa na maji na matope. Bahati aliinama, akambeba.

Alimbeba hadi hospitali kubwa, akambeba wodini, akampakata mchana kutwa damu ikidondoka tone moja moja kwenye mrija ulioingia katika mkono mdogo wa mtoto. Alasiri masikio ya Furaha yalianza kupata rangi. Ndipo Bahati aliponisemesha.

"Uje uone," alisema. "Sikio lake."

Nikasogea, tukaliangalia sikio.

Yaliyofuata hayakuwa ya haraka. Tulipewa chupa mbili, yake na yangu, na Bahati akawa mgawaji: kila asubuhi alitupanga mezani, mkubwa na mdogo, vijiko viwili, na yule aliyekunja uso alichekwa na mwenzake. Meno yangu nayo yakawa meusi. Watoto wa darasani waliniuliza kama nimekula makaa, nikawaeleza ukweli kwa namna wanayoweza kuuelewa. Boksi nilimkabidhi Bahati, akalitupa mwenyewe. Kuacha kulikuwa kugumu. Niliamka nikitafuna hewa. Mvua ilipoanza nilifunga madirisha kama mtu anayeogopa wezi, na siku mbili nilishindwa, nikala udongo wa chungu kilekile cha maua, nikamwambia Bahati siku hiyohiyo. Mara ya kwanza alikasirika. Mara ya pili alikitoa chungu nje bila neno, akaniletea karanga za kukaanga.

Daktari hakuniambia kwamba odowa yangu pekee ndiyo iliyosababisha yote. Alisema wako watoto wanaokula udongo bila kumwona yeyote akiula, na kwamba damu ikipungua tamaa huongezeka, na tamaa ikiongezeka damu hupungua. Alichosema kwa uhakika ni kwamba alikuwa akitibu huku amefumbwa jicho moja, na aliyelifumba ni mimi. Kwa hiyo sikuombi uwe mzazi safi. Ninakuomba swali likiulizwa, ulijibu.

Nilimpigia mama simu. Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi.

"Nilikula mimi," alisema. "Mama yangu alikula. Nani kati yetu alikufa?"

"Hakuna, Mama. Lakini wewe ulikuwa ukichoka sana. Ninakumbuka ukikaa chini kila hatua chache kutoka kisimani."

Nilimsikia akivuta kiti na kukaa. "Nilidhani ni maji mazito," akasema. Kifurushi kilichofuata kilikuwa na omena, ufuta na gazeti tupu lililokunjwa vizuri, ambalo hadi leo sijui kama lilikuwa utani.

Kwa Nnalongo nilikwenda na miguu yangu. Nilimwambia alikuwa ameuliza swali sahihi na kwamba mimi ndiye jibu. Alikuwa akimenya matoke, hakuacha kumenya.

"Nilijua," alisema. "Mwanamke inakula bumba, mimi naona kwa macho yake. Nilingoja wewe useme. Reta mtoto kesho. Na wewe kula maini, umekuwa nyeupe kama kanzu."

Tulirudi kituoni chupa baada ya chupa. Kila mara tulikaa kwenye benchi lilelile, na kila mara viganja vya Furaha vilikuwa na rangi zaidi. Makaa aliyaacha kwanza, kisha plasta, kisha godoro. Udongo ulikuwa wa mwisho. Bahati anaoga bado kabla ya kumbeba, maana vumbi la Katwe ni vumbi, lakini sasa anaoga kama mtu aliyechelewa, na mtoto hupiga mlango wa bafu akimhimiza.

Novemba mvua zilileta panzi. Nnalongo alikuwa amekaa mlangoni na beseni zima la nsenene, akiwang'oa mabawa na miguu kabla ya kuwakaanga na kitunguu. Tangu nilipokuwa mwanafunzi sijawahi kuwagusa. Kwetu tunakula kumbikumbi, lakini panzi niliwaona ni jambo la watu wengine. Nilitoka nje nikamkuta Furaha kando ya beseni, kitu chenye macho kikitokeza kati ya midomo yake. Nilirukia, nikamshika kidevu, kidole changu kikiwa tayari ndani ya mdomo wake.

"Mwalimu," alisema Nnalongo. "Mwalimu, acha mtoto. Hii ni chakula."

Furaha alinisukuma kidole kwa ulimi, akatafuna, akameza. Akaangalia sahani ya waliokwisha kukaangwa kwa uangalifu wa mnunuzi. Akachagua mmoja, akasimama kwa ncha za vidole, na safari hii miguu haikumtetemeka.

"Mama, amu."

Bahati alikuwa mlangoni, maji ya kuoga yakimdondoka shingoni, akitazama. Niliinama, nikafungua mdomo.